Juisi Nzito ya Matunda na Mchaichai kwa Siku za Joto



Ndugu msomaji, anayeifahamu Kilosa analifahamu pia joto lake. Mji umekaa bondeni kando ya Mto Mkondoa, na upande wa magharibi imesimama milima. Kuanzia Oktoba hadi mvua za masika zinapoingia mwezi Machi, saa saba mchana ni saa ya kutafuta kivuli. Mikumi nako hali ni hiyo hiyo, tena kuna la zaidi: barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inapita mjini, na abiria wakishuka kwenye basi jambo la kwanza wanaloulizia ni kitu cha baridi.

Katika miezi hiyo hiyo maembe yanaiva. Yanaiva mengi kwa wakati mmoja, mengine yanaozea chini ya mti, huku kwenye mikutano ya jumuiya na siku za kazi za parokia tukinywa soda au juisi ya unga wa pakiti iliyojaa sukari. Wapo wanaotengeneza juisi ya matunda halisi, na hao wanastahili pongezi. Lakini mara nyingi maji yaliyotumika hakuna anayejua yametoka wapi, na barafu hivyo hivyo.

Makala hii inaeleza namna ya kutengeneza juisi nzito, ile ambayo vijana wa mjini huiita smuthi, kwa matunda na majani yanayopatikana kwetu. Nitatoa vipimo, lakini zaidi nitatoa sababu, kwa kuwa anayejua sababu anaweza kubadilisha tunda na bado akapata kinywaji kizuri na salama. Neno moja nitalirudia mara kadhaa: juisi hii inaanzia kwenye sufuria ya maji yanayochemka, kabla ya kugusa tunda lolote.

Mwili unahitaji nini wakati wa joto

Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi, huondoka na joto. Ndiyo maana siku za ukavu mwenye kulima shambani anaweza kuvumilia jua kali kuliko siku za Desemba ambapo hewa imejaa unyevu: jasho linatiririka tu, halikauki, na mwili haupoi. Kwa kila hali maji yanatoka, na yakitoka lazima yarudi.

Kwa hiyo kinywaji cha kwanza cha siku ya joto ni maji safi, na juisi inafuata nyuma yake. Tikiti maji, kwa mfano, zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za uzito wake ni maji, kwa hiyo linasaidia kweli. Jasho hubeba pia chumvi. Mtu aliyekula ugali na mboga iliyokolezwa chumvi kidogo hana haja ya kuhangaika. Aliyefyatua matofali tangu asubuhi anaweza kutiwa chumvi ya kubana kwa vidole viwili ndani ya jagi la juisi.

Hapa niseme mambo mawili ambayo juisi haiwezi. La kwanza, mtu anayeharisha, hasa mtoto, hapewi juisi tamu kama tiba. Sukari nyingi tumboni huvuta maji kuingia kwenye utumbo na kuhara kunaweza kuzidi. Anahitaji ORS, ile dawa ya maji ya chumvichumvi, na kupelekwa zahanati. La pili, mtu aliyekaa juani akaanza kuchanganyikiwa, kuongea mambo yasiyoeleweka au kupoteza fahamu, asilazimishwe kunywa chochote. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwilini, apepewe, na wakati huo huo usafiri wa kwenda hospitali utafutwe. Hiyo ni hatari ya kufa.

Matunda tuliyonayo

Embe ndilo tunda la msimu, kuanzia Novemba hadi karibu Februari. Dodo na bolibo yana nyama nyingi na hulainika vizuri. Embe sindano lina nyuzi zaidi. Ladha yake ni nzuri sana, ila lipitishe kwenye chujio lenye matundu makubwa.

Papai hupatikana karibu mwaka mzima na hufanya kazi ile ile ya embe, yaani kuipa juisi uzito. Ndizi mbivu huongeza utamu na kuzuia juisi isijitenge, maji chini na povu juu. Tikiti maji huleta wingi wa maji na rangi. Nanasi na pasheni huleta ukali unaoamsha ulimi. Ndimu au limao huunganisha ladha zote, na bila hiyo juisi ya embe na ndizi hukinaisha haraka.

Kwa walio upande wa Mikumi kuna utajiri mwingine. Ukiifuata barabara ya Iringa unaingia kwenye bonde la mibuyu, kando ya Mto Ruaha Mkuu, na pale Ruaha Mbuyuni jina lenyewe linasema. Unga mweupe wa ubuyu, ule ambao haujatiwa rangi wala sukari, ni mkali kiasi, una vitamini C, na una kitu kinachofanya kinywaji kishikane na kuwa kizito. Vijiko viwili vya unga huo vinaweza kuchukua nafasi ya ndizi. Tia baada ya maji kupoa, kwa sababu joto hupunguza vitamini C. Ukwaju nao ni mzuri: loweka kwenye maji ya moto, kamua, chuja, tumia badala ya ndimu.

Kanuni ya kuchanganya ni rahisi kukumbuka. Chagua tunda moja la maji, tunda moja la uzito, na kitu kimoja kikali. Tikiti, embe na ndimu. Nanasi, papai na tangawizi. Tikiti, ndizi na ukwaju. Ukitia matunda saba kwa pamoja hutapata ladha saba. Utapata rangi ya udongo na ladha isiyo na jina.

Majani: mchaichai, mnanaa na mrehani

Mchaichai unaota pembeni mwa nyumba nyingi na watu wengi wanaujua kwenye chai tu. Harufu yake inafanana na ya limao lakini haina ukali, kwa hiyo inaburudisha bila kuongeza uchachu. Mnanaa una mafuta yanayoufanya ulimi uhisi ubaridi hata kama kinywaji hakina barafu. Hilo ni jambo kubwa mahali ambapo umeme unaweza kukatika. Mrehani una harufu tamu. Majani matatu au manne yanatosha jagi zima. Kivumbasi ni ndugu yake lakini harufu yake ni kali mno, kiasi kwamba watu hukitumia kufukuzia mbu. Kwenye juisi kiache.

Tangawizi si jani, ila inaingia kundi hili. Kipande cha ukubwa wa nusu ya kidole gumba kinatosha watu watano. Ikizidi, watoto hawanywi.

Naomba tuelewane juu ya majani haya. Yanatia harufu na ladha, yanafanya mtu apende kunywa maji zaidi, na hiyo ni faida ya kutosha. Maneno kwamba juisi fulani ya majani inasafisha damu, inatoa sumu zote mwilini, au inaponya kisukari na presha, hayana msingi, na yamewafanya baadhi ya wazee wetu waache dawa za hospitali. Mtu asiache dawa kwa sababu ya glasi ya mnanaa. Vilevile, anayetumia dawa za presha au za kupunguza mafuta kwenye damu aulize daktari kabla ya kutumia balungi, kwa kuwa balungi linaweza kuongeza nguvu ya baadhi ya dawa hizo kupita kiasi. Mwenye ugonjwa wa figo pia aulize kwanza, maana ndizi na matunda mengine yana madini ya potasiamu ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa.

Maji na barafu: hapo ndipo penye hatari

Watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa nguvu ya maji. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulifurika, nyumba zikabomoka, reli ikaharibika na maelfu ya watu wakakosa makazi. Mafuriko makubwa hayaji kila mwaka, lakini kila mvua kubwa huosha vyoo na majalala na kupeleka uchafu kwenye visima na mito. Msimu wa maembe ndio msimu wa mvua za vuli. Yaani wakati tunapokuwa na matunda mengi ya juisi ndio wakati maji yanapokuwa na mashaka zaidi.

Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam na baadaye kikaenea katika mikoa mingi ya nchi, Morogoro ikiwemo. Katika maeneo kadhaa mamlaka zilizuia uuzaji wa juisi na matunda yaliyomenywa barabarani. Zuio hilo liliwaumiza wauzaji wengi wanaotegemea biashara hiyo kulisha watoto, lakini sababu yake ilikuwa ya kweli. Juisi haipikwi. Kila kinachoingia ndani yake kinakwenda tumboni kama kilivyo.

Kuna mambo manne ya kushika.

Kwanza, kugandisha hakuui vijidudu. Wengi hudhani barafu ni safi kwa kuwa ni baridi. Vijidudu hulala ndani ya barafu, na barafu ikiyeyuka vinaamka. Barafu ya maji yasiyochemshwa ni sawa na maji yasiyochemshwa.

Pili, ndimu haitoshi. Ukali wa ndimu huvisumbua baadhi ya vijidudu, lakini mtu asitegemee ndimu kusafisha maji machafu.

Tatu, ganda la tunda lina uchafu wa shambani, sokoni na kwenye gari. Kisu kinapopita kwenye ganda la tikiti kinaubeba uchafu huo hadi kwenye nyama. Kwa hiyo tikiti, nanasi na embe huoshwa kabla ya kukatwa, hata kama ganda litatupwa.

Nne, mikono, kisu, ubao na jagi vioshwe kwa sabuni na maji safi. Blenda ifunguliwe hadi kwenye visu vyake, kwani mabaki ya jana hukaa chini pale yakichacha.

Sasa tazama jinsi mchaichai unavyotusaidia. Ukiwaambia watu wachemshe maji kwa ajili ya juisi, wengi wataona ni usumbufu na upotevu wa mkaa. Lakini ukiwaambia wachemshe mchaichai ili juisi inukie, watachemsha kwa furaha. Maji yale yale yanayopata harufu yanapata na usalama. Kazi moja, faida mbili. Ndiyo sababu nimeuweka mchaichai kwenye kichwa cha makala hii.

Kama hakuna namna ya kuchemsha, tumia vidonge vya kutibu maji vinavyouzwa madukani na kwenye maduka ya dawa. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na subiri muda wote ulioelekezwa kabla ya kutumia.

Vipimo vya watu watano

Maji ya mchaichai yaliyochemshwa na kupozwa, nusu lita.
Tikiti maji lililokatwa vipande na kutolewa mbegu, vikombe vitatu.
Embe moja kubwa lililoiva, au papai kikombe kimoja na nusu.
Ndizi mbivu moja.
Ndimu mbili.
Majani ya mnanaa kumi hadi kumi na mawili.
Tangawizi, nusu ya kidole gumba.
Barafu ya maji ya mchaichai kikombe kimoja, ukiwa nayo.
Sukari, hakuna.

Vipimo hivi vinatoa karibu lita moja na nusu. Utaratibu wake ni huu:

1. Osha mabua matano au sita ya mchaichai, yaponde kidogo kwa mchi ili yatoe harufu, kisha yakunje na kuyatia kwenye sufuria yenye lita moja ya maji. Acha maji yachemke hasa, yabubujike, kisha endelea kuchemsha dakika tano hadi kumi.

2. Epua, funika, acha yapoe yakiwa na mfuniko. Ukiyaacha wazi, harufu inaondoka na mvuke na inzi wanakaribishwa. Kazi hii ifanyike jioni ili asubuhi maji yawe tayari.

3. Nusu ya maji hayo yamimine kwenye vibakuli safi ugandishe kama una friza. Nusu nyingine ndiyo ya kusagia.

4. Majani ya mnanaa yaoshe, kisha yachovye kwenye maji ya mchaichai yakiwa bado ya moto kwa sekunde chache, uyatoe. Rangi haibadiliki sana na usalama unaongezeka.

5. Osha matunda yote, kisha menya na kata.

6. Tia kwenye blenda maji na tikiti kwanza, halafu embe, ndizi na tangawizi. Vitu vya majimaji vikitangulia, visu vinazunguka bila kukwama na mota haiungui. Saga hadi ilainike.

7. Kamulia ndimu kwa mkono, ukizuia mbegu. Usisage ndimu na ganda lake, kwani ganda na mbegu huleta uchungu.

8. Tia mnanaa mwisho na uzungushe kwa sekunde chache tu. Mnanaa ukisagwa sana unakuwa mchungu na juisi inageuka rangi ya majani ya kuloweka.

9. Onja. Kama ni nzito mno, ongeza maji ya mchaichai. Kama imepooza, ongeza ndimu kabla ya kufikiria sukari.

Usiichuje, isipokuwa kwa embe lenye nyuzi. Zile nyuzinyuzi laini za tunda zinasaidia tumbo na zinafanya sukari ya tunda isiingie kwenye damu kwa kasi.

Pasipo umeme

Umeme ukikatika, au kigango hakina umeme kabisa, juisi hii inawezekana. Chagua matunda laini: papai, ndizi iliyoiva sana, embe lililolainika. Yaponde kwenye bakuli kwa mwiko au kwa mchi uliooshwa kwa maji ya moto. Tangawizi na mnanaa twanga kwenye kinu kidogo. Tikiti likamue kwenye chujio. Changanya vyote na maji ya mchaichai taratibu huku ukikoroga. Haitakuwa laini kama ya blenda, lakini kwa ladha haipungukiwi. Kupoza, weka jagi lililofunikwa ndani ya beseni lenye maji kidogo, lifunike kwa kitambaa kilicholowa ambacho ncha zake zinagusa maji, na uliweke kivulini penye upepo. Maji yakikauka kwenye kitambaa yanaondoka na joto, kama jasho kwenye ngozi. Mtungi wa udongo wa bibi zetu hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

Kwa nini juisi huharibika

Juisi ya ndizi hugeuka nyeusi kwa sababu nyama ya tunda ikikutana na hewa, vimeng'enya vyake vinaanza kazi. Ndimu huchelewesha jambo hilo. Juisi ya pasheni hukwaruza koo mbegu zake zikisagwa. Pasheni ichujwe kwanza, au izungushwe kidogo tu ili mbegu zibaki nzima.

Wengine hupenda kutia maziwa au mtindi. Inafaa kwa embe na ndizi. Lakini nanasi bichi na papai vina vimeng'enya vinavyovunja protini ya maziwa, na baada ya muda mfupi juisi inakuwa chungu. Si kwamba maziwa yalikuwa mabaya. Ni tunda linafanya kazi yake. Ukitaka maziwa pamoja na nanasi au papai, inywe papo hapo.

Juisi iliyosagwa isikae nje zaidi ya saa moja katika joto kama la kwetu. Kwenye friji inaweza kukaa hadi siku moja ikiwa imefunikwa. Ikianza kutoa povu na harufu ya pombe, imwage. Ni afadhali kuhifadhi viungo kuliko kuhifadhi juisi: maji ya mchaichai kwenye ndoo yenye mfuniko, matunda yakiwa mazima kivulini, na kusaga pale tu wanywaji wanapokuwa wamefika.

Sukari, na somo la kiasi

Sisi tunaishi jirani na sukari. Miwa inalimwa Ruhembe, ndani ya wilaya yetu ya Kilosa, na ni riziki ya familia nyingi. Sina ugomvi na sukari. Ila desturi yetu ya kumheshimu mgeni kwa utamu imefika mahali inaumiza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida, asilimia 10 ni karibu gramu 50, yaani vijiko vidogo kama kumi na viwili. Chupa moja ya soda ya mililita 350 kwa kawaida ina gramu 30 na zaidi. Ongeza chai mbili zenye vijiko vitatu vitatu, umeshavuka mpaka kabla ya jioni.

Mwongozo huo unahesabu pia sukari iliyomo kwenye juisi za matunda. Kwa hiyo hata juisi yetu isiyotiwa sukari hainywewi kama maji. Glasi moja kwa siku inatosha, na anayetaka zaidi ale tunda lenyewe na anywe maji.

Darasani tunasoma kitabu cha maadili cha Aristotle, ambamo anafundisha kwamba fadhila iko katikati, kati ya kuzidi na kupungua. Mfano anaoutoa ni wa chakula. Anasema kwamba kama kipimo cha kumi ni kingi mno na cha mbili ni kidogo mno, haimaanishi mwalimu wa mazoezi ampe kila mtu sita. Kwa Milo, mpiga mieleka mashuhuri wa Wagiriki, sita ni kidogo. Kwa anayeanza mazoezi ni nyingi. Kati inapimwa kwa mtu mwenyewe na hali yake.

Nimeona mfano huo ukiishi kwenye jumuiya zetu. Kwenye benchi moja ameketi kijana aliyetoka kubeba mifuko ya saruji, na pembeni yake bibi mwenye kisukari. Tukiwapa wote glasi ile ile iliyojaa, tumewahudumia kwa usawa lakini hatujawahudumia kwa haki. Kijana apewe glasi kamili. Bibi apewe nusu glasi, yenye tikiti na ndizi kidogo na maji ya mchaichai mengi, tena pamoja na chakula, na kwa heshima, bila kumtangaza mbele za watu kwamba ni mgonjwa. Njia nzuri ni kuweka majagi mawili mezani: moja la juisi, jingine la maji ya mchaichai yenye ndimu na mnanaa bila tunda tamu. Kila mtu ajimiminie. Hakuna atakayejua nani amekatazwa nini.

Juisi kabla ya Misa na wakati wa mfungo

Waamini kadhaa wameniuliza kama juisi inavunja mfungo wa Ekaristi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 919, inataka anayepokea Komunyo Takatifu ajizuie kwa muda wa angalau saa moja kabla ya Komunyo asile wala kunywa chochote, isipokuwa maji na dawa. Juisi si maji, hata ikiwa nyepesi, kwa hiyo inahesabiwa. Maji matupu unaweza kunywa, na siku za joto unywe. Wazee, wagonjwa na wanaowahudumia wanaweza kupokea hata kama wametumia kitu ndani ya saa hiyo. Tena kanuni hiyo hiyo inamruhusu padre anayeadhimisha Misa mbili au tatu kwa siku moja kula au kunywa kitu kabla ya Misa ya pili au ya tatu, hata kama saa moja haijapita. Basi akina mama wa WAWATA wanaompokea baba paroko kigangoni baada ya Misa ya kwanza na safari ya pikipiki juani, wasiogope kumpa glasi.

Kwa Kwaresima swali ni jingine. Mtakatifu Thomas wa Aquino alilijadili zamani. Aliona kinywaji hakivunji mfungo wa Kanisa, kwa kuwa kazi yake kubwa si kulisha bali kuusaidia mwili na umeng'enyaji, ingawa kinaweza kulisha kidogo. Hapo hapo akaonya kwamba mtu anaweza kupoteza faida ya mfungo kwa kunywa kupita kiasi. Tukitumia busara hiyo: juisi nzito ya ndizi, ubuyu na maziwa ni mlo ndani ya glasi. Siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, maji ya mchaichai yenye ndimu yanamfaa zaidi anayefunga.

Siku ya kazi parokiani

Vijana wa VIWAWA au jumuiya wakitaka kuhudumia watu hamsini, wazidishe vipimo vya hapo juu mara kumi. Watahitaji lita tano za maji ya mchaichai ya kusagia, matikiti mawili ya kilo nne kila moja, maembe kumi, ndizi kumi na ndimu ishirini. Zitapatikana glasi hamsini za robo lita. Wachemshe maji usiku uliotangulia, lita kumi na tano au zaidi, ili yabaki ya kunywa na ya kugandisha. Wagawane kazi: anayeosha matunda asiwe anayepokea pesa. Watumie ndoo yenye bomba badala ya kuchota kwa kikombe, na glasi zioshwe kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji safi yanayobadilishwa mara kwa mara, wala si beseni moja kutwa nzima.

Wanaotaka kuifanya biashara pale stendi ya Mikumi au stesheni ya Kilosa, kanuni ni hizo hizo. Wasage mbele ya mteja, waonyeshe sufuria ya mchaichai, waseme wazi kwamba maji yamechemshwa. Abiria mwenye safari ndefu ya kwenda Mbeya anaogopa tumbo kuliko anavyoogopa bei. Ila anayetaka kujaza kwenye chupa na kupeleka dukani aanzie kwa wataalamu wa SIDO na TBS, kwa kuwa juisi inayokaa siku nyingi inahitaji utaalamu mwingine kabisa.

Bwana wetu aliahidi kwamba hata anayempa mdogo mmoja kikombe cha maji ya baridi hatakosa thawabu yake. Kikombe hicho tunachokitoa kiwe kimechemshwa, kiwe kimepimwa kwa anayekinywa, na kiwe kile ambacho mtoaji mwenyewe angekinywa bila wasiwasi. Mchaichai uko nje ya nyumba. Leo jioni, moto wa kupikia ugali ukiwa bado unawaka, bandika sufuria.